Naomba ushauri: negativu za rangi zinanishinda kuskani

Wakuu, shikamooni. Niko Jinja, Uganda. Marehemu mzee alikuwa mpiga picha za harusi, katuachia boksi zima la negativu (filamu ambazo rangi za picha zimepinduka): za rangi za milimita 35 na nyeusi na nyeupe za 120, ile saizi pana zaidi. Nina skana ya mezani yenye taa kwenye mfuniko.

Nyeusi na nyeupe zinatoka safi, mradi nizime kifuta vumbi cha infraredi (skana hutumia mwanga usioonekana kutambua vumbi na kulifuta). Madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu huzuia mwanga huo, picha ikachafuka. Kasheshe ni za rangi. Filamu zake zina utando wa rangi ya chungwa; nikigeuza rangi ili picha iwe ya kawaida, gauni la bibi harusi linakuwa la samawati! Mama anacheka tu.

Nipimie rangi kwenye ukingo mtupu wa filamu, au nihamie kamera na lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu)? Na zilizojikunja mnazinyooshaje?