Rola kosta zilianzia wapi, na zile boti za maji je?

Mzee_wa_Swali: Wakuu naombeni elimu kidogo. Hizi rola kosta, vile vitreni vya kwenye paki za michezo vinavyopanda juu halafu vinashuka kwa kasi watu wanapiga makelele, nani aliziwaza mara ya kwanza? Kuna jamaa kanibishia eti havina injini kabisa, vinashuka vyenyewe tu, mi naona ananiuzia mbuzi kwenye gunia. Na zile boti za kuteremka mnalowa chapachapa ni za enzi hizo hizo au zimekuja juzi juzi?

Chuma_Chakavu: Jamaa yako yuko sahihi mkuu, nyingi hazina injini. Cheni iliyopo katikati ya reli ndo inalivuta treni mpaka kileleni, na ule mlio wa tak tak tak mkipanda ni kichuma cha usalama kinachodondokea kwenye meno ya reli ili cheni ikikatika msirudi kinyumenyume. Mkifika juu inawaachia, kuanzia hapo ni uzito wenu, ndo maana kilima cha kwanza kwa kawaida ndo kirefu kuliko vyote. Zipo za kurushwa, mfano Formula Rossa ya Abu Dhabi inafika 240 km/h, ila hizo habari nyingine.

Bibi_Kumbukumbu: Asili ni Urusi, walikua wanajenga minara ya mbao yenye mteremko, wanamwagia maji yagande halafu wanateleza toka juu. Wafaransa wakaweka magurudumu, Paris 1817 tayari vigari vilikua vimebanwa kwenye reli visichomoke. Ila kisa ninachokipenda ni cha Mauch Chunk, Pennsylvania. Kulikua na reli ya kuteremshia makaa ya mawe toka 1827, mabehewa yanashuka yenyewe halafu nyumbu (wale watoto wa punda na farasi sio wa porini) wanayapandisha matupu. Sasa kwenye kushuka nyumbu nao wanapakiwa behewa lao wanakula upepo kama mabosi! Baadae makaa yakapata njia nyingine, reli ikabaki ya watalii wa kulipa. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akafungua ya kwake Coney Island, New York, senti 5, mwendo kama kilomita 10 kwa saa, na watu walipanga foleni hivyo hivyo.

Mzee_wa_Swali: Nyumbu wanapewa lifti 😂😂 haya za maji?

Fundi_Mabomba: Za maji nazo za zamani sana. 1884 hiyo hiyo huko Rock Island, Illinois, kulikua na boti la chini bapa linaserereka kwenye mteremko mpaka linajipiga mtoni. Aliyezitangaza ni Paul Boyton, yule aliyevuka mkondo wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa 1875 amevaa suti ya mpira, 1895 akafungua Sea Lion Park hapo hapo Coney Island. Zile za umbo la gogo ni 1963, Texas, kampuni ya Arrow, waliiga mifereji ya wakata mbao ya kushushia magogo toka milimani. Yale maboya ya duara yanayozunguka zunguka mtoni ni 1980.

Chuma_Chakavu: Na hiyo Sea Lion Park ilikua na Flip Flap, treni ya kupinduka kichwa chini, shida kitanzi chake kilikua duara kamili. Unatoka kwenye reli iliyonyooka ghafla unabanwa kwenye kona kali, shingo za watu zilikua zinakoma. Hivi vya leo vimechongoka juu kama tone la maji, kona inaanza taratibu inakaza kileleni ambako mwendo umeshapungua, Revolution ya California ndo ilifungua njia hiyo 1976.

Mzee_wa_Swali: Kwahiyo mkiwa kichwa chini mkanda ndo unazuia treni lisidondoke?

Chuma_Chakavu: Hapana, mkanda ni wako wewe. Treni linashikwa na magurudumu ya chini ya reli, John Miller aliyasajili 1919. Kila kona ya behewa kuna gurudumu la juu, la ubavuni na la chini, yaani reli imekumbatiwa, na ndo maana mainjinia wakaanza kuthubutu vilima vikali vile.