Naomba ushauri: nianzie wapi maisha ya Tate Wilkinson jukwaani?

Wakuu, habari za leo. Naandika igizo la mtu mmoja, kama dakika 40 hivi, kuhusu Tate Wilkinson (1739–1803), mwigizaji wa Uingereza aliyejijengea jina mikoani.

Baba yake alikuwa kasisi London. Alihukumiwa kupelekwa uhamishoni kwa kufungisha ndoa kinyume na sheria ya 1753, akafia njiani. Kijana akabaki na kipaji cha kuiga sauti na mikogo ya waigizaji wakubwa. Samuel Foote, mwigizaji na mtunzi wa vichekesho, akamchukua hadi Dublin mwaka 1757. Watazamaji walicheka, ila walioigwa hawakufurahi hata kidogo!

Baadaye akahamia York, na kuanzia 1770 akawa meneja peke yake. Kundi lake lilizunguka York, Hull, Leeds, Wakefield na Doncaster, likifuata misimu ya mbio za farasi na vikao vya mahakama, maana ndipo wenye hela walipojaa mjini. Mwigizaji alisubiri usiku wake maalumu: anatoa gharama za ukumbi, kinachobaki ni chake. Kwa hiyo alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuuza tiketi. Mimi hapo ndipo naona igizo lilipo.

Mwenzangu anang'ang'ania tuanze na kesi ya baba. Mimi nataka tuanze mlangoni kwa tajiri, tiketi mkononi. Mnaonaje? Na je, mwigizaji mmoja anawezaje kuiga watu ambao watazamaji wetu hawajawahi kuwasikia, bado wakacheka?