Jiko nililouziwa kwa ahadi ya moto hadi alfajiri huzimika saa saba za usiku

Ndugu zangu, nauza mbaazi na mahamri hapa Malindi, na kazi yangu huanza usiku: mbaazi nazibandika saa nne zitokote polepole, ili saa kumi na moja alfajiri nitie tui huku moto wa kukaangia ukiwa tayari. Kwa ajili hiyo nilinunua jiko la kuni la chuma, lenye mlango na dohani, kwa shilingi 14,000, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba likijazwa mara moja hukaa na moto kwa muda wa saa 8. Halijavuka saa saba za usiku hata siku moja. Naamka nakuta majivu meupe na mbaazi ngumu.

Nilipolalamika, niliambiwa kuni zangu ni mbichi. Kuni hizo ni za mvinje, zimepasuliwa na kuwekwa bandani tangu kaskazi. Tena kuni mbichi haziishi upesi namna hiyo, bali hufuka moshi na kuzimika zikiwa nusu. Majivu yasiyobakiza hata kaa moja ni dalili kwamba moto umepata hewa kupita kiasi. Nilibana kipande cha karatasi kwenye mlango, nikakivuta, kikatoka bila kukwama. Nikajaribu pande zote nne, na ni upande wa bawaba tu ulioshika. Kidirisha cha hewa nakifunga kwa uangalifu kwa faida gani, ikiwa upepo wa kusi unapenya mlangoni? Usiku uliofuata niliziba mapengo kwa udongo uliochanganywa na majivu, nikaacha kidirisha wazi kidogo, nikatia kuni zilezile, na alfajiri nikakuta makaa mekundu. Kosa ni la mlango, wala siwezi kuukandika kila usiku.

Lililonighadhibisha zaidi ni ushauri wa muuzaji kwamba nilitoe jiko uani, nilitie ndani na kufunga madirisha ili upepo usilifikie. Ndani wanalala watoto watatu! Makaa yanayoungua kwa hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu usingizini. Asiyelijua hilo hafai kuuza majiko, na anayelijua akanyamaza ni mbaya zaidi.

Nataka mlango unaofunga barabara au nirudishiwe fedha zangu zote. Nanyi mliouziwa jiko la aina hii, lijaribuni kwa karatasi leo kabla ya kuliwasha, na kama limo ndani ya nyumba, litoeni.