MJADALA: Anayeonyeshwa kwenye dokumentari alipwe au asilipwe?

Kitwana wa Mtoni
Wakuu, nimetoka kuangalia My Name is Salt ya Farida Pacha, 2013. Familia moja ya Waagariya, wale wavuna chumvi wa Rann Ndogo ya Kachchh, jimbo la Gujarat, India. Mvua zikikatika wanahamia jangwani na vyombo vyao vyote, wanachimba tope kuifukua mashine ya dizeli waliyoizika wenyewe msimu uliopita, wanavuta maji ya chumvi kutoka ardhini, kisha wanakanyaga majaruba peku mpaka sakafu ishike. Miezi minane hiyo. Tajiri aliyewakopesha kianzio ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye bei, na mvua ikirudi yote yanakwenda na maji.
Filamu ilibeba tuzo Amsterdam. Je, walistahili mgao? Na mnakumbuka The Elephant Whisperers: Oscar Machi 2023, kufika Agosti mume na mke waliolea wale ndama wa tembo wakalalamika kwamba ahadi walizopewa hazikutimizwa. Watengenezaji wakakana. Haya, tujadili.
Halafu inasemekana Mwagariya akifa na kuchomwa, nyayo haziungui kwa chumvi iliyoingia, eti huzikwa peke yake.

Mama Shani
Walipwe, mnauliza nini hapo? Sura zao, jasho lao, mpaka watoto wao wamo. Mbona wale wa Naatu Naatu walilipwa, na Oscar ilikuwa hiyohiyo?

Fundi Lenzi
Mama Shani, ule ni wimbo wa filamu ya kuigiza. Ni usiku mmoja lakini tuzo mbili tofauti. Na Oscar yenyewe ni sanamu, haina bahasha ndani.
Mimi nakula kwa kamera, najua ninachosema. Ukianza kulipa, kesho mtu anakulilia kwa oda. Kuna mzee nilikuwa nampiga picha akivuta nyavu, akaniuliza, "Nivute tena, safari hii kwa huzuni?" Na hawa watu wa vijijini wakishaonja hela ya kamera, kazi basi.

Binti Kachi
"Hawa watu wa vijijini"? Kaka Lenzi, wewe umeonja hela ya kamera miaka yote na kazi hujaacha. Anayekanyaga tope peku kwa chumvi ya mtu mwingine ndiye unamwogopea uvivu? Babu yangu alitoka Mandvi, Kachchh hiyohiyo, akashuka Unguja na jahazi. Nimekulia kwenye hadithi za kule. Hawahitaji huruma yako wala darasa lako.

Dokta Pori
Nirudi kwenye nyayo. Kitwana, moto unaomaliza mfupa wa paja ushindwe na unyayo? Miguu huwa pembeni ya kuni, ndiyo maana huchelewa kuungua. Chumvi haihusiki.

Kitwana wa Mtoni
Nimesema INASEMEKANA. Soma kwanza.

Dokta Pori
Nimesoma. Inasemekana pia popo ni ndege.

Mzee wa Uvinza
Wanangu, mimi ni wa Uvinza, Kigoma, chumvi naijua. Huku kwetu ilichemshwa kwa kuni, moshi mpaka macho yanavimba. Kuhusu kuungua sina la kusema, ila ngozi inakomaa na kupasuka, na kidonda kikiguswa na yale maji utaita mama. Kwani hawana gambuti?

Fundi Lenzi
Shikamoo mzee. Tope lile likishika gambuti, unatoa mguu, gambuti inabaki.

Mzee wa Uvinza
Marahaba. Hapo inategemea saizi. Wengi wanavaa gambuti za kuazima.

Mwanahabari Mstaafu
Samahani kuwakatisha kwenye viatu. Mnabishana hela wakati kuna kesi inayouma zaidi. Writing with Fire, iliyoteuliwa Oscar 2022, inawahusu wanawake wa Khabar Lahariya, gazeti lililoanzishwa jimbo la Uttar Pradesh mwaka 2002, Wadalit, wale wa tabaka linalodharauliwa India, wakiwa mstari wa mbele. Siku chache kabla ya sherehe wao wenyewe wakatoa tamko kwamba filamu imeonyesha kipande tu cha kazi yao na kuwapotosha. Hawakudai posho. Walikuwa waandishi wazoefu, kalamu mkononi, na bado hadithi yao ikasimuliwa wasivyojitambua. Je, familia ya jangwani itatoa tamko wapi? Nani anawaonyesha kazi kabla haijafungwa?

Binti Kachi
Lenzi anasema gambuti inabaki, amewahi kufika? Na aliyetengeneza filamu yenyewe anaishi Zürich. Jambo jingine: dizeli ndiyo ilikuwa inawamaliza, inakula sehemu kubwa ya pato. SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri India, kimewasaidia wanawake kupata pampu za sola. Lakini sola haikohoi, haitoi moshi, haina msiba, ndiyo maana nyie wa kamera hamuipendi.

Fundi Lenzi
Filamu ni ya 2013, bibie! Angepiga picha sola ambayo familia ile haikuwa nayo? Pacha kazaliwa Mumbai, tena filamu haina hata msimulizi wa kuwasemea. Mwenye babu wa Mandvi aliyehama na jahazi naye anaongea kwa niaba ya nani?

Binti Kachi
Babu yangu usimguse.

Mama Shani
Mnamwonea mtoto wa watu. Na serikali ya jimbo la Tamil Nadu iliwapa wale wa tembo rupia laki moja moja baada ya Oscar, kwa hiyo kulipa kunawezekana. Mmeona?

Fundi Lenzi
Hiyo ni serikali, mama. Mada ni mwenye filamu.

Mama Shani
Hela ni hela.

Kitwana wa Mtoni
Wakuu, turudi kwenye mada. Swali la Mwanahabari hamjaligusa.

Dokta Pori
Tutaligusa. Kwanza taja nani alikwambia habari ya nyayo.