Baba mwenyewe anataka kuhamia nyumba ya wazee hapa Lubumbashi. Maisha ya mle yakoje?

Mwalimu wa Katuba

Jambo yenu wote. Naomba mawazo ya watu waliowahi kuishi, kufanya kazi au kumtembelea ndugu kwa muda mrefu katika nyumba ya wazee.

Baba yangu ana miaka 79. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwenye tanuru za shaba, akaondoka 2003 kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliotoa wafanyakazi zaidi ya 10,000. Mama alitutoka mwaka jana, mwezi wa nne, na tangu hapo baba anaishi kwangu. Mimi na mke wangu sote ni walimu, watoto wako shule, kwa hiyo toka saa moja asubuhi mpaka saa nane yuko peke yake na redio. Siku moja nilirudi nikakuta bukari (ugali) tuliyomwachia haijaguswa. Akaniambia, "Bukari ya mtu mmoja haina ladha."

Mwezi uliopita nilimpeleka kumwona mwenzake wa zamani wa tanuru, ambaye anatunzwa na masista pamoja na wazee wengine. Nilimwacha saa nne. Nilipomfuata saa kumi aliniomba nimpe nusu saa nyingine, kisolo, ule mchezo wa bao, hakijaisha. Njiani hakusema neno. Tulipofika mlangoni ndipo akasema: "Mwanangu, nipeleke kule nikakae."

Usiku ule sikulala. Dada yangu wa Kolwezi alilia kwenye simu. Baba mdogo, karani mstaafu, alinisomea Katiba kifungu cha 40, kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao, akauliza ukoo wetu umekosa nini hata mzee wetu akalale kwa watu. Majirani watasema nimemtupa. Lakini anayetaka ni yeye!

Swali langu: siku ya kule inapitaje, toka alfajiri hadi usiku? Na kuna nini ambacho mgeni wa saa mbili hawezi kukiona?

Mjukuu wa Ruashi

Nkambo wangu mwanamke, yaani bibi yangu, tulimpeleka mahali fulani, sitapataja. Ukuta umepakwa rangi, maua mlangoni. Baada ya wiki tatu tulimtoa. Wazee walikuwa wanapangwa kwenye benchi asubuhi na kuinuliwa jioni, na wahudumu walikuwa wanaita "wewe wa kitanda cha sita". Mwalimu, usiende siku ya Jumapili wanapotarajia wageni. Nenda katikati ya wiki, saa ya chakula cha jioni, usitangaze, kisha usikilize kama watu wanaitwa kwa majina yao.

Mama wa Jikoni

Mwalimu, pole sana kwa msiba wa mama. Mimi nimepika katika nyumba ya wazee hapa mjini miaka 11, mpaka magoti yaliponikatalia. Nitakueleza nilivyoona kwa macho yangu.

Siku ya wazee inaanza mapema kuliko yako. Saa kumi na moja alfajiri wengi wameshaamka, na wanakuja jikoni kwa sababu moto uko pale. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya hapa unaijua, wanakaa mstari mzima na mablanketi mabegani wakisubiri uji. Angalia sana jambo hili: chumbani kusiwe na mbabula, jiko la makaa, usiku, hata siku moja. Makala yakiwaka ndani na dirisha limefungwa, yanatoa hewa ya sumu ambayo haionekani wala hainuki, na mtu analala asiamke. Sisi tulikuwa tunajaza maji ya moto kwenye chupa, tunaifunga kitambaa, kila mzee anaingia nayo kitandani.

Baada ya uji ni kuoga, kubadilisha mashuka, dawa. Wasioweza kujigeuza wanageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia, la sivyo mgongo unapata vidonda. Omba kuwaona hao waliolala, hata kama baba yako bado anatembea. Hali yao ndiyo itakayokuambia ukweli wa nyumba ile.

Halafu inakuja saa ngumu, toka saa tatu hadi saa sita. Hapo ndipo mzee asiye na kazi anaanza kupotea. Mimi nilikuwa nawapa kuchambua mboga za lengalenga na kutoa maharage kwenye maganda. Wanangu walinigombeza, "Mama, unawafanyisha wazee kazi?" Wangewaona wakigombea sinia!

Alikuwapo mzee mmoja wa reli. Miezi miwili ya kwanza hakusema na mtu, anakula ameugeukia ukuta. Siku moja kengele yetu ya chakula ikavunjika. Akaja akaniomba kipande cha chuma, akakitundika kwenye mwembe, akakipiga mara tatu kwa nyundo, saa sita kamili kwa saa yake ya mkononi. Toka siku ile hakuna mwingine aliyekigusa. Wakamwita Shefu wa Stesheni. Nikichelewa kuivisha bukari dakika kumi ananifuata jikoni na saa yake mkononi, na mimi namwomba msamaha kama vile treni ingetuacha. Alipokuwa hawezi tena kutembea tulikuwa tunamsogeza na kiti mpaka chini ya mwembe.

Alikuwa mtu wa Lupopo, timu ya mpira, kama watu wengi wa reli. Siku ya mechi na Mazembe benchi zinagawanyika mbili, redio katikati. Wa Mazembe wanamrushia mambo ya zamani, timu ilipokuwa inaitwa Englebert ikachukua kombe la Afrika 1967, ikalirudia 1968. Yeye anawajibu kwa majina ya wachezaji wa Lupopo, mmoja mmoja, bila kukosea. Mtu huyo huyo alikuwa hakumbuki kama amekunywa dawa asubuhi.

Na wako waliofika kwa njia chungu kuliko baba yako. Mama mmoja aliletwa baada ya mtoto kufa katika ukoo na watu kumnyooshea kidole kwamba ni mchawi. Kwao hakuna aliyekubali tena kupokea kitu kutoka mkononi mwake. Kwetu siku za kwanza alikuwa anakaa mbali na sufuria, anaogopa hata kuupitia karibu mlango wa jikoni. Nikamwomba anisaidie kutengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha uji wa mahindi na mizizi. Alijua kuliko mimi: kiasi cha mizizi, na saa ya kuitia uji ukiwa umepoa kidogo. Kesho yake nikampa kikombe, nikamwambia agawe mwenyewe. Wakanywa wote, wengine wakaomba tena. Nilimkuta nyuma ya jiko analia, nikakaa naye pale mpaka akamaliza.

Umeuliza mgeni haoni nini. Haoni Jumapili jioni. Wageni wameondoka, na wale ambao hawakujiwa na mtu bado wamevaa shati safi la asubuhi. Ndiyo maana Jumapili nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo, makusudi, kwa sababu kutwanga kunachukua muda na kunataka mikono mingi. Mwalimu, ukimwambia baba "nitakuja Jumapili", uje. Kama hujui, sema hujui. Usimvalishe shati bure.

Muuguzi wa Kampemba

Naongeza machache. Andika kwenye karatasi moja dawa zake zote, vipimo na saa zake, nakala moja ibaki kwako. Kama anakunywa dawa za presha, waambie akae kwanza pembeni ya kitanda kabla ya kusimama, maana wengi wanaanguka saa ile ya kwenda chooni usiku. Uliza nani yuko usiku, na mgonjwa akizidiwa anapelekwa na gari gani. Hakikisha wanampa maji mara kwa mara, kwa sababu mzee hasikii kiu kama sisi.

Na kwa heshima zote, baba mdogo aendelee kusoma Katiba hiyo hiyo ya 2006 mpaka kifungu cha 49. Kinasema mtu mwenye umri mkubwa ana haki ya ulinzi maalum kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu. Kifungu cha 40 kinakudai umsaidie baba yako. Hakikutajii chini ya paa gani.

Shangazi wa Kamalondo

Mimi sikubaliani haraka hivyo, wanangu. Nimezika wazazi wawili na wakwe wawili, wote wakiwa nyumbani kwangu. Mzee hawezi kukuambia "naona nimekuwa mzigo". Atakuambia "nataka kwenda kule". Mwalimu, je, ulimuuliza akiwa peke yake, mke na watoto wakiwa mbali? Muulize tena. Na kama ni upweke wa mchana tu, kwa nini asipelekwe asubuhi na kurudi jioni kulala kwake?

Mwalimu wa Katuba

Aksanti sana, nyote. Shangazi, maneno yako yaliniuma, nikafanya ulivyosema. Jana jioni nilimtoa baba tukakae nje, wawili tu. Nikamuuliza kama kuna mtu nyumbani kwangu amemwonyesha uso mbaya, au kama anakwenda ili atupunguzie mzigo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Hapa kwako napendwa. Kule nabishiwa. Tangu mama yenu aondoke hakuna mtu amenibishia." Nikakumbuka walivyokuwa wanabishana hao wawili, kila usiku, hata juu ya chumvi, miaka 51.

Kuhusu kwenda asubuhi na kurudi jioni, alikataa. Anasema habari zenyewe zinasemwa usiku.

Kisha nikafuata ushauri wa Mjukuu wa Ruashi. Leo, Jumatano, nilikwenda saa kumi na moja jioni bila kusema, pamoja na baba mdogo. Wanaitwa kwa majina. Niliwaona waliolala vitandani, mashuka yalikuwa makavu. Ndani ya vyumba hakuna mbabula, zote ziko barazani. Kwa zamu ya usiku nilipata jibu nusu tu, na sista mkubwa ameahidi kunionyesha karatasi ya zamu. Sitaliacha hilo.

Mama wa Jikoni, nilimuuliza sista huyo baba atafanya kazi gani. Alishangaa kidogo, akaniuliza anajua nini. Nikamwambia amekaa na moto maisha yake yote, na tangu aache kazi alikuwa anatengeneza mbabula za bati na kuuza. Akatupeleka nyuma ya ghala, kuna mbabula tano zilizotoboka chini. Baba mdogo alizigeuza moja moja, hakusema kitu. Tulipokuwa tunarudi akauliza nyundo ya kaka yake iko wapi.

Tumekubaliana mwezi mmoja wa kujaribu, na chumba chake kwangu hakiguswi. Dada anatoka Kolwezi Ijumaa. Jumamosi tunampeleka wote, na nyundo yake, na mkasi wa kukatia bati.