Naombeni ushauri: filamu gani ya kuchekesha niwawekee wazee wa pande mbili?

MtotoWaBombo
Salaam wakubwa kwa wadogo. Mwezi ujao kuna wageni wanakuja kwetu Bombo, familia nzima, na hawajawahi kukaa na watu wa kwetu hata siku moja, nikifikiria ule ukimya wa sebuleni watu wakishamaliza pilau usingizi unaruka kabisa. Nimeona niwawekee filamu. Kuna ile ya Kifaransa ya 2014, Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu?, wazazi Wakatoliki wana mabinti wanne, watatu wameolewa na Mwarabu, Myahudi na Mchina, wa nne anasema nimepata Mkatoliki mwenzetu, mzee anafurahi, kumbe kijana ni mweusi wa Ivory Coast. Na baba wa kijana naye hataki kusikia habari za Wazungu! Ufaransa peke yake ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 12. Swali langu ni moja tu, inafaa mbele ya wazee au nitafute nyingine?

Mama Zai
Mwanangu hapana. Mwanzoni tu kuna tohara ya mtoto na mizaha yake, mbele huko hao wazee wawili wanaenda kuvua samaki wanalewa. Bibi yako ataangalia wapi? Sisi baba akiingia hata redio tulizima, siku hizi mnataka kucheka na wakwe kama mko kijiweni.

BodaWaNtinda
Mama Zai wazee wenyewe ndio wanapenda hizo vitu. Kaka tafuta VJ, yule anayetafsiri filamu kwa mdomo huku akitia mizaha yake, akutafsirie, filamu bila VJ hapa Uganda ni kama chai bila sukari. Kibanda cha karibu na stendi yetu kuna VJ akiweka ya Kichina kila muigizaji anapewa jina la mtu wa mtaani, adui mkubwa anaitwa jina la yule anayekusanya kodi za vyumba, watu wanaanguka kwenye mabenchi.

Mukiga_Halisi
Mi niongee yaliyonikuta. Kwanjula yangu Masaka, yaani siku ya kujitambulisha ukweni, msemaji wa upande wa binti akaanza, eti hawa wageni wametembea kwa miguu toka Kabale na magunia ya viazi mgongoni, eti wapeni maji kwanza ya kunawa miguu. Hema zima kicheko. Baba yangu alicheka, nilimwona kwa macho yangu amecheka. Tulivyopanda gari kurudi hakutoa neno mpaka tumepita Lyantonde, halafu akasema "yule mtu hajaniona mimi, ameona viazi." Hadi leo wakinialika Masaka naenda peke yangu. Na sisi wote ni Waganda-wa-nchi-moja, ngozi ileile.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, umetuuliza habari za filamu ila hujasema wageni ni kina nani, na hapo ndipo penye kazi. Hiyo hadithi ya mkwe wa rangi nyingine ni ya zamani. Ile ya Sidney Poitier, Guess Who's Coming to Dinner, ilitoka Desemba 1967, na ni Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo ilifuta sheria za majimbo zilizokataza mweusi na mweupe kuoana. Yaani ilipokuwa inapigwa, sehemu nyingine ya nchi ndoa ile ilikuwa kesi. Mwaka 2005 wakaigeuza, baba mweusi Bernie Mac anamhoji mchumba mweupe Ashton Kutcher. Ukiziangalia zote mbili utaona mtu anachekwa kufuatana na yuko kwa nani na nani ana nguvu pale. Kwa hiyo tuambie, nani anakuja kwa nani?

MtotoWaBombo
Asanteni. Ni watu wa heshima tu kutoka Jinja. VJ nimeshaongea naye na nimempa kitangulizi, atatafsiri palepale kwa Kiswahili maana bibi hasomi maandishi ya chini. Projekta pia nimelipia. Kwa hiyo kuacha kabisa itakuwa ngumu, nisaidieni tu kama ni hiyo au nyingine.

Nakku_J
"Watu wa heshima kutoka Jinja" ndio kabila gani ssebo? Mbona unatuzungusha? Na kama umeshalipa kila kitu unaomba ushauri wa nini?

MtotoWaBombo
Sawa. Ni Wahindi, Ismailia. Binti tulikutana kazini na tumekubaliana kuoana. Dini msiniulize, hilo tumelizungumza na mashehe wa pande zote na wanaendelea. Baba yake alikuwa mtoto mdogo 1972 Amin alipotoa zile siku 90 Wahindi wawe wameondoka nchini, wakaenda Vancouver, akarudi miaka ya tisini Museveni alipowaita. Ni mtu mpole. Lakini kwao kuna shangazi anaamini kijana mweusi akimpenda binti wa Kihindi anatafuta duka, na kwetu kuna wajomba wanaamini Mhindi hakupi mkono bila kuhesabu vidole vyake baadaye. Sasa ile filamu kila mtu anasemwa, Mwarabu, Myahudi, Mchina, Mzungu, Mwafrika. Hakuna wa kusema nimeonewa peke yangu.

AfandeMzee
Bombo. Jinja. 1972. Kijana wangu, babu yako alikuwa kazi gani mwaka huo?

BodaWaNtinda
Ayaaa. Afande ameuliza.

MtotoWaBombo
Nilikuwa nimetoka kidogo. Babu alikuwa mwanajeshi. Alipewa duka pale Main Street Jinja Wahindi walipoondoka, ndio wale mliokuwa mnawaita mafuta mingi. 1979 serikali ilipoanguka akakimbilia Sudan akaliacha. Si duka la kina binti, nilihakikisha kwanza. Binti anajua. Baba yake hajui. Na babu atakuwepo, kiti chake ni kile cha mlangoni, siwezi kumficha mzee chumbani kwenye nyumba yake. Ndio maana nataka kicheko kitangulie, watu wakishacheka pamoja mambo mengine yanasemeka.

Mama Zai
Subhanallah. Na wewe ulikuwa unatuuliza habari za filamu.

Nakku_J
Banange. Marehemu baba yangu alinunua nyumba ya kastodian, ile bodi ya serikali iliyoshika mali za Wahindi waliofukuzwa, tuliishi humo mpaka wenyewe wakaja na karatasi zao. Mama mmoja wa Kihindi akaomba tu aingie jikoni, akashika ukuta pale palipokuwa na rafu yake, akatoka. Mama yetu alilia kuliko yeye. Hatukuwa wabaya sisi, ila nyumba haikuwa yetu, vyote viwili ni kweli.

Dada_Kololo
Jamani mnaliwa. Hii ni Mississippi Masala, 1991, Mira Nair! Familia ya Kihindi inafukuzwa Kampala 1972, baba ni wakili, binti anakulia Marekani anampenda Denzel Washington anayesafisha mazulia, ndugu wa pande zote wanawaka moto. Huyu ametoa Denzel ameweka mtu wa Bombo. Babu mwanajeshi, baba mfukuzwa, kiti cha mlangoni... imekaa vizuri mno, maisha hayapangwi hivi.

BodaWaNtinda
Mira Nair si ndio mama yake Zohran Mamdani meya wa New York? Huyo kijana kazaliwa hapahapa Kampala 1991. Basi VJ aweke hiyo, ina Denzel, wajomba watatulia wenyewe.

Mama Zai
Hiyo ina mambo ya kitandani. Asiweke!

Mukiga_Halisi
Dada Kololo unashangaa nini, Uganda hii nani hana babu wa 1972, ama alipewa ama alinyang'anywa ama alichungulia dirishani. Ila hata mi niliguna kidogo, niseme ukweli.

MtotoWaBombo
Sijaiba filamu ya mtu. Babu anacho mpaka leo kitabu cha madeni cha lile duka. Kirefu chembamba, jalada la kitambaa chekundu limeliwa na mende pembeni. Kurasa za mwanzo zote ni Kigujarati, mistari imenyooka na wino wa bluu, halafu katikati mwandiko unabadilika, unaanza wa babu, penseli, herufi kubwakubwa: SUKARI GUNIA 2, CHUMVI, SAJENTI HAJALIPA. Ukurasa uleule. Hakuchana za mwenzake akaanza kitabu kipya, aliendelea pale alipoishia. Alipokimbia 1979 alikibeba. Nilimuuliza kwa nini, akasema kuna majina ya watu wanaodaiwa humo, na pesa si zake. Mtu akitaka kusema natunga aseme, mi nina mwezi mmoja.

Dada_Kololo
Weka picha ya huo ukurasa.

MtotoWaBombo
Si changu kukiweka hapa.

Mwalimu_Mstaafu
Mimi namwamini. Na hata kama ametunga, swali linabaki. Sikiliza mwanangu, katika ile ya Wafaransa wale wakwe wanatukanana vizuri kwa sababu tayari wameoa, kesho watakutana tena mezani, hakuna wa kumfukuza mwenzake. Wako bado hawajafika hapo. Mmoja wao alishafukuzwa kweli, na aliyebaki na duka amekaa mlangoni. Halafu kuna VJ wako. Mfaransa ameandika mzaha wake akaupima, VJ anatia wa kwake papo hapo, na Mhindi wa VJ ni yuleyule siku zote, mizani na "bei gani". Akilitoa hilo mbele ya baba wa binti, utamrudishaje? Filamu iache ije baada ya nikaha. Kabla ya hapo mpeleke babu Jinja na kitabu chake, wazee wawili peke yao, wewe kaa nje.

MtotoWaBombo
Mwalimu nimekuelewa lakini babu miguu haimruhusu safari, na sitaki mkwe aone kama tumemwita kuja kusikia kesi. VJ nimemwambia neno Mhindi lisitoke kabisa, atafsiri kilichosemwa tu. Na nitaanzia pale wale wazee wawili wanapoenda kuvua samaki, nitakata kabla ya pombe. Hapo mbele ni kwa ajili ya Mama Zai.

Nakku_J
Kwa hiyo baba wa watu ataambiwa lini?

MtotoWaBombo
Binti anataka amwambie yeye, nyumbani kwao, kabla hawajaja. Mi naogopa hawatakuja.

Nakku_J
Mwachie amwambie. Asipokuja utajua mapema, kuliko ajue akiwa na sahani mkononi.

BodaWaNtinda
VJ ukimkataza asiongeze chochote atakudai nyongeza, hao ndugu zetu wanalipwa kwa maneno.

AfandeMzee
Kijana, muulize babu alikuwa kikosi gani cha jeshi, Malire au Simba. Kama ni Malire mwambie yule dereva wa Land Rover bado yuko hai, yuko Luwero, na atakuja siku hiyo kukaa naye pale mlangoni.