Rozela kupima asidi na besi: nianzie wapi na watoto?

Mama Kibada: Habari zenu. Likizo hii nataka kufanya jaribio la asidi na besi na wanangu, miaka 7 na 10, bila kununua kemikali. Nina rozela kavu, limau na magadi.

Mwalimu Mstaafu: Vimetosha kabisa, mwanangu. Chemsha kiganja cha rozela kwenye vikombe viwili vya maji, chuja, acha ipoe. Gawa kwenye vikombe vyeupe. Limau, ambalo ni asidi, litakoleza wekundu. Maji ya magadi, ambayo ni besi, yatageuza rangi kuwa kijani. Nimefundisha hili miaka mingi na bado nalipenda. Ila kabla ya kutia chochote, kila mtoto atabiri na aandike. Usiwape jibu, hata wakikubembeleza! Maji ya majivu nayo ni besi, yasiingie machoni.

Baba Zai: Magadi tieni tone kwa tone, mtaona zambarau kabla ya kijani. Kisha rudishieni limau upesi, wekundu unarudi. Mkikawia, rangi inaharibika na kuwa njano.

Mama Kibada: Shikamoo Mwalimu, asanteni sana. Nitaongeza na sabuni ya kipande. Mkubwa ameshatabiri nyekundu, nimenyamaza.